make clean imefuta folda zangu zote sio build peke yake, kuna namna ya kuyarudisha mafaili?

fundi_mwenge:
Wakuu habari za saizi, naombeni msaada wa haraka maana hapa nilipo nimechanganyikiwa. Nina mfumo wa stoo wa duka la spea pale Kariakoo, tajiri anataka kuuona jumatatu. Ofisini tuna templeti moja ya Makefile (faili la maelekezo linalosomwa na amri ya make kujenga programu) tunaitumia kwenye kila mradi, ipo toka sijaajiriwa. Hivi karibuni nikahamia laptopu nyingine (mfumo ni Ubuntu, aina ya Linux, diski ni SSD), nikavuta mradi kutoka GitHub (tunapotunza kodi mtandaoni) nikawa napiga kazi humo freshi tu. Leo bildi ikawa inagoma nikasema ngoja niisafishe kwanza, nikapiga make clean, ile ya kufuta mabaki ya bildi, ikakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida alafu ikamaliza bila kosa lolote. Kuangalia, folda ya miradi haipo, Documents haipo, picha za mtoto hazipo, yani hom (folda kuu ya mtumiaji) yote nyeupe. Kipande chenyewe hiki:

-include .env
clean:
    cd $(OUT) && rm -rf *

Sijaona sehemu imeandikwa ifute hom. Na kazi ya karibuni, ile ripoti ya mauzo yote, bado haijafika GitHub. Inarudi kweli?

mzee_wa_terminali:
Mkuu kabla ya yote ZIMA hiyo laptopu, usiendelee kuitumia hata kusoma hapa, tumia simu. Faili likifutwa data yenyewe inabaki kwenye diski mpaka iandikiwe juu, lakini wewe una SSD na Ubuntu ina kitu kinaitwa fstrim kinajiendesha chenyewe kila wiki kuiambia SSD sehemu zilizofutwa ziko wazi, kikishapita hapo hata programu za kuokoa mafaili hazioni kitu. Alafu kama muda wake ulipita mashine ikiwa imezimwa, kinakuja kufanya kazi ukishaiwasha. Kwahiyo usiiwashe tena kwa mfumo wake, tafuta fleshi yenye Ubuntu, washia hapo.

binti_wa_seva:
Pole sana kaka. Nimeiangalia hiyo Makefile, iko hivi. OUT, yani jina la folda ya kusafishwa, inatoka kwenye .env, faili la mipangilio, na .env huwa haiendi GitHub, kwahiyo kwenye laptopu mpya haikuwepo kabisa. Hicho kidashi mbele ya include kinaiambia make kama faili halipo kaa kimya endelea. Na make ikikuta jina halina thamani hailalamiki, inaweka patupu. Kilichoenda kwenye sheli (programu inayotekeleza amri) ni hiki:

cd && rm -rf *

cd ikiwa peke yake inakupeleka hom, alafu rm -rf * inafuta vilivyomo humo bila kuuliza. Ndo maana hukuona kosa lolote, kila amri ilifanya kazi yake sawasawa.

Ila kuna kheri moja hapo. Ile nyota haigusi vitu vinavyoanza na nukta, kwahiyo ~/.config yako imepona. Kama unatumia VS Code kuandikia kodi, toka toleo la Machi 2022 yenyewe inatunza nakala kila unaposevu, ziko ~/.config/Code/User/History. Utakuta folda zenye majina ya ajabu ajabu, usiogope, fungua entries.json ndani ya kila moja, imeandikwa hilo faili lilikua wapi na linaitwa nani. Chukua nakala ya mwisho.

kijana_mbagala:
Pole mkuu ila kupushi (kutuma kazi GitHub) ni muhimu bana, ungekua umepushi saizi usingekua unahangaika. Kwa mbele huko weka set -u kwenye skripti, jina likiwa tupu sheli inakataa.

binti_wa_seva:
@kijana_mbagala set -u hapa haisaidii mdogo wangu, $(OUT) inajazwa na make yenyewe kabla sheli haijaona chochote, sheli inakuta cd tupu basi. Kizuizi kinatakiwa kiwe kwenye Makefile, ifndef OUT alafu $(error ...), au andika tu rm -rf ./build kwa jina lake kamili.

Kupushi sawa, na wengi hapa mjini tunabana bando tukidhani kupushi kunakula sana, wakati git inatuma mabadiliko tu tena yamebanwa. Ila sikubali kumtupia mtu lawama. Amri inayoitwa "safisha" ikifuta kitu ambacho haikukitengeneza, hiyo amri ni mbovu. Januari 2015 skripti ya Steam (programu ya magemu) kwenye Linux ilifanya hivihivi, $STEAMROOT ikawa tupu na rm -rf ikapita kwenye mafaili ya watu mpaka diski za nje zilizochomekwa, na aliyeandika ule mstari alikua ameweka maoni juu yake kwamba unatisha. Kama unaona unatisha, weka ulinzi!! Hiyo templeti ya ofisini kwenu iko kwenye mashine za watu wangapi saizi?

fundi_mwenge:
Dada Mungu akubariki. Nimewasha kwa fleshi, nikafungua diski kwa kusoma tu, History ipo yote!! Ripoti ya mauzo imerudi, kurasa karibu zote zimerudi. Ambacho sikioni ni faili la SQLite (hifadhidata) lenye bidhaa za tajiri, nilikua nimeingiza spea moja moja kutoka kwenye daftari lake, pamoja na zile picha. Na ofisini nimeshawapigia wasiiguse make clean.

mzee_wa_terminali:
Hivyo huvipati History mkuu, inatunza ulichosevu ndani ya VS Code tu. Hapo tumia PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, inajua SQLite na picha pia, ila majina ya mafaili yanapotea itabidi ufungue moja moja. Iendeshe hukohuko kwenye fleshi, na inapokuuliza pa kuweka ilivyookoa chagua diski ya nje, usije ukaweka kwenye SSD hiyohiyo. Ikigoma leta picha ya skrini hapa nipo macho.