Panya wasio na MT-3, mbona wanaishi tu?

Neema_bio: Wakuu habari za jioni, nimekwama naomba mnisaidie. Nasoma metalothionini, hizi protini ndogo zinazokamata metali, nimefika kwenye MT-3 ambayo iko zaidi ubongoni. Mimi nilijua ukiitoa jeni yake kwa panya basi zinki itazagaa na seli za neva zitakufa, sasa nakuta wale panya wa 1997 waliotolewa hiyo jeni walikua vizuri tu. Sasa kazi yake nini jamani?

fundi_darubini: Dada tatizo unamwangalia panya akiwa ametulia. Wadunge asidi ya kainiki, ile inayoleta degedege, ndo utaona tofauti, wasio na MT-3 wanazidiwa kuliko wenzao na seli za hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) eneo la CA3 zinaumia sana. Na wale walioongezewa hiyo jeni, CA3 yao ilistahimili. Molekuli moja inabeba zinki 7 kwa hiyo siku ya kishindo ni msaada mkubwa.

Kasimu88: Hapo kuna kitu kinanikuna siku zote. Kuna panya wengine walitolewa ZnT3, hiyo ndo inapakia zinki kwenye vifuko vya sinapsi (pale seli za neva zinapopeana ishara), bila hiyo vifuko vinabaki havina zinki kabisa. Zamani iliaminika zinki inayoua seli inamwagwa na seli jirani, kwa hiyo hawa walitakiwa wapone, lakini wapi, walipopata degedege zinki ikajaa vilevile ndani ya seli zinazokufa. Imetoka wapi kama sio humohumo ndani ya seli? Wakarudi kwa panya wasio na MT-3 wakapima CA1, eneo jingine la hipokampasi, zinki ikawa imepungua na vifo pia, wakati CA3 ndo hali mbaya zaidi.

Neema_bio: Subiri kaka, yani protini ileile inaokoa CA3 na inachangia kuua CA1??

Kasimu88: Ndiyo dada. MT-3 inashika zinki kwa sisteini zake 20 (sisteini ni asidi amino yenye salfa), na sisteini zikipata oksidesheni zinaachia, kwa hiyo seli ikielemewa ile akiba yake yenyewe inageuka sumu. Ndo maana mimi nikisikia mtu anasema MT-3 ni "protini ya ulinzi" namuuliza kwanza, eneo gani la ubongo?

Neema_bio: Asante sana, narudi kusoma upya sehemu ya CA1, niliiruka kabisa.