Sarafu za marehemu baba: tuziuze, tuzigawe au tuziache mkebeni?

BintiKibokoni ameuliza:

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote mnaopitia hapa. Marehemu baba yetu alituachia mkebe wa biskuti wenye sarafu mia mbili na kitu. Alikuwa karani bandarini Kilindini, hapa Mombasa, kwa zaidi ya miaka thelathini. Sarafu nyingine alipewa na mabaharia, nyingine alizinunua kwa wachuuzi wa Mji wa Kale, na chache alizirithi kwa mamake. Siku za Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alikuwa akizimimina kwenye mkeka na kutupa moja moja tuzishike, na kila moja ilikuwa na habari yake.

Sasa tumefika kwenye mirathi. Kaka yangu mkubwa anataka ziuzwe zote, kwa kuwa amesikia kwamba senti kumi za mwaka 1936, zile zenye tundu katikati na jina la Mfalme Edward wa Nane, huuzwa kwa mamilioni, nasi tunazo nne. Mdogo wetu hataki hata moja itoke nyumbani. Mwezi uliopita tulizipeleka kwa mnunuzi mmoja hapa mjini, ambaye sitamtaja. Hakutazama hata moja, alizikumba zote akazitia kwenye mizani, shaba na fedha pamoja, akatutajia bei ya kilo. Nilizikusanya nikaondoka, na njiani nililia, kwa sababu ndani ya rundo lile mlikuwa na rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria, ambayo nyanya aliitoboa akaivaa shingoni tangu tumjue. Tundu lake limelika upande wa juu tu, kwa kusuguliwa na uzi miaka yote hiyo.

Zaidi ya hiyo kuna riale tatu za mwaka 1780, sarafu sita za shaba zilizoandikwa Mombasa 1888 zenye picha ya mizani, shilingi nyingi za Afrika Mashariki zenye simba, na thumuni za zamani. Naomba kuelezwa thamani yake hujulikana vipi, na ile thamani ambayo hakuna awezaye kuilipa tuihesabu vipi baina ya ndugu watatu.

MkusanyajiMakadara amejibu:

Waalaikumu salaam, dada, na Mungu amrehemu mzee. Kabla ya yote, nakuomba usizioshe. Najua kwetu chombo cha shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka king'ae, lakini sarafu iliyosuguliwa hivyo hupoteza ngozi yake ya juu, na mkusanyaji yeyote akiitazama kwenye mwanga ataona mikwaruzo na kuipunguzia bei, pengine zaidi ya nusu. Vilevile zitoe kwenye mkebe, kwa maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na shaba hapa hushika kutu ya kijani upesi. Kila moja itie kwenye bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi. Mifuko ya plastiki laini huishika sarafu na kuiharibu baada ya miaka.

Kuhusu zile za 1936, naomba mwambie kaka yako kwa upole kwamba habari aliyoisikia imechanganywa. Mfalme Edward wa Nane alitawala tangu Januari hadi Desemba mwaka huo kisha akajiuzulu, na kwao Uingereza sarafu za jina lake hazikufika mikononi mwa watu. Hiyo ndiyo asili ya uvumi. Huku kwetu senti tano na senti kumi za jina lake zilipigwa kwa wingi sana, kwa kuwa sarafu yenye tundu haikuhitaji sura ya mfalme, ila jina lake tu. Zinapatikana mpaka leo, na bei yake ni ndogo.

Zile sita za mizani ndizo zilizonifanya nisome ujumbe wako mara mbili. Zilitolewa na Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikaendesha mambo yake kutoka hapa Mombasa hadi serikali ya Uingereza ilipotwaa utawala mwaka 1895. Si sarafu adimu kupindukia, kwa hiyo hakuna nyumba itakayojengwa kwazo, lakini ikiwa maandishi ya Kiarabu upande wa mizani yanasomeka yote na kingo hazijalika, mkusanyaji atalipa bei ya heshima. Tofauti baina ya iliyochakaa na iliyo safi ni kubwa mno, na ndiyo maana kuzipima kwa kilo ni dhuluma. Isitoshe, hizi ni sarafu zenye jina la mji wetu. Nimekusanya kwa miaka ishirini na mbili, nami hadi leo kila niishikapo moja huwaza ilinunulia nini sokoni, mikononi mwa nani.

Riale zako ni sarafu za fedha za Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka huo huo wa 1780. Biashara ya Bahari ya Shamu na pwani yetu iliizoea sarafu hiyo kiasi kwamba iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile mpaka karne ya ishirini, Vienna, London, Bombay na kwingineko. Kwa hiyo tarehe peke yake haithibitishi umri. Tazama ukingo wake: ya halali ina maandishi ya Kilatini yaliyochomoza pande zote, lakini ikiwa ukingo ni mtupu, yaelekea ni ya bandia, iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Hata neno thumuni latoka huko, kwani maana yake ni sehemu ya nane, yaani ya riale, kabla ya kuwa jina la senti hamsini.

SonaraMstaafu amejibu:

Nimefanya usonara Mji wa Kale tangu ujana wangu, na nimesikitika kusoma ulivyotendewa. Mizani ya sonara hujua madini tu, nayo ni kweli, lakini hata hayo madini yana hesabu yake. Riale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha halisi ndani yake ni gramu 23 hivi. Rupia ya India ya wakati wa Malkia Victoria ni gramu 11.66, ambapo fedha ni karibu gramu 10.7. Shilingi yenye simba ya mwaka 1921 hadi 1946 ni fedha robo tu, chini ya gramu mbili, na zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Zidisha gramu hizo kwa bei ya fedha ya siku hiyo, na jumla utakayopata ni sakafu ambayo mnunuzi wa haki hawezi kushuka chini yake.

Rupia ya nyanya yako, kwa kuwa imetobolewa, sokoni haina zaidi ya sakafu hiyo. Nimetoboa nyingi kama hiyo kwa mkono wangu kwa ajili ya mabibi harusi, wala sikuona kama naharibu kitu.

MwanaLikoni amejibu:

Mimi nitasema moja tu. Baba yangu aliacha sarafu kama arobaini, na kati yake kulikuwa na senti kumi moja aliyoifunga kwenye kitambaa cha kaniki na kuizungushia uzi mara nyingi. Ni ya kawaida kabisa, imelika hata mwaka hausomeki. Hakuna aliye hai ajuaye kwa nini aliifunga. Nimewauliza ami zangu wote, nimemuuliza na jirani aliyekua naye. Sijaifungua tena tangu siku ya kwanza. Dada, ikiwa bado una mzee yeyote akumbukaye, keti naye ukiwa na kalamu kabla ya kumtafuta mnunuzi.

Kwa upande wa mirathi, nijuavyo mimi mali hukadiriwa kwa bei ya soko, na warithi watu wazima wakiridhiana mmoja aweza kuchukua kitu fulani kikahesabiwa katika fungu lake. Kadhi atawaeleza vizuri zaidi.

BintiKibokoni ameandika tena:

Nawashukuru nyote, hasa SonaraMstaafu, kwa hesabu iliyomfanya kaka yangu atulie na kutoa kikokotoo mwenyewe. Ukingo wa riale mbili una maandishi. Wa tatu ni mtupu. Tumekubaliana kwamba zile mbili na nne kati ya zile sarafu sita za mizani zikadiriwe moja moja na mtu azijuaye, na kaka azichukue katika fungu lake, auze akitaka. Rupia tumeihesabu kwa bei ya fedha yake, nami nimeichukua katika fungu langu, wala hakuna aliyepinga.

Jana tulimwita shangazi, dada yake baba, aliye na miaka themanini na mmoja, tukamtandikia ule mkeka. Alipoishika rupia alisema zilikuwa mbili, na kwamba nyanya aliiuza ya pili ili baba apate sare na vitabu vya kuanzia shule. Baba mwenyewe hakuwahi kutuambia habari hiyo. Daftari limefika ukurasa wa kumi na moja na hatujamaliza hata nusu ya mkebe. Shangazi amesema atarudi Ijumaa, na ameagiza tusizimimine mpaka afike.