Ushauri: Zanzibar na wajukuu, nikiwa na rangi zangu za maji

Mstaafu wa Dodoma
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 66, nimestaafu, nachora kwa rangi za maji. Likizo ya Juni na Julai nataka kwenda Zanzibar siku tano na mke wangu, binti yetu na wajukuu wawili (miaka 9 na 6). Mimi nataka milango ya Mji Mkongwe na ngalawa, wao wanataka kuogelea. Nina presha, na goti la kulia linasumbua. Nibebe nini na tupangeje siku ili kila mtu afaidi?

Brashi Nane
Shikamoo mzee. Kwanza weka pembeni mazoea ya Dodoma. Huko hewa ni kavu, tabaka la kwanza linakauka upesi. Pwani karatasi inakaa mbichi muda mrefu, na ukiwahi kuweka tabaka la pili, maji yanasukuma rangi iliyo chini na kuacha madoa yenye kingo za kuchanikachanika. Kwa hiyo beba vibao viwili vya plaiwudi, ukubwa wa A4 vinatosha, ufanye picha mbili kwa zamu: moja ikikauka unashika nyingine.

Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya gramu 200 kushuka chini itajikunja, maji yajikusanye mabondeni. Bandika kingo zote nne kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi, usiibandue mpaka picha ikauke kabisa. Karatasi za akiba zikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Unyevu ukiingia, ile gundi inayozuia karatasi isinyonye ovyo inakufa: unapaka, rangi inadidimia na kutoa vidoa vyeusi ambavyo havifutiki.

Na kisanduku cha rangi usikifunge kikiwa kibichi, vidonge vya rangi vitaota ukungu. Kiache wazi chumbani usiku.

Muuguzi Mstaarabu
Shikamoo baba. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake, na ziada ya siku kadhaa. Kama mojawapo ni ya kukojosha, muulize daktari wako kuhusu saa ya kuinywa siku ya boti. Usiiruke kwa uamuzi wako. Dawa za kichefuchefu cha safari nyingi zinaleta usingizi na kizunguzungu, na kwa umri wenu hapo ndipo watu wanapoanguka kwenye ngazi, kwa hiyo nazo muulize kabla ya kununua.

Kiti kiwe na urefu wa sentimita 45 hivi. Vile vigoda vya kukunja vya wavuvi ni vifupi mno, goti litakulaani wakati wa kuinuka. Nyumba nyingi za wageni Mji Mkongwe ni za zamani, ngazi zimesimama wima na lifti hakuna. Omba chumba cha chini kabla ya kulipa.

Mwana wa Pwani
Miezi hiyo ni ya kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwa mchoraji ni neema, mvua za masika zimeisha na joto limepungua, ila bahari inachafuka, hasa mchana upepo unapokaza. Pandeni boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, safari inachukua kama saa mbili tu, mkae chini, katikati kuelekea nyuma. Bebeni vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Siku mbili mjini, tatu ufukweni. Angalieni mwezi kabla ya kuchagua ufukwe! Bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanakupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na kwenye fukwe za mashariki, Paje na Jambiani, bahari inakwenda mbali kabisa. Watoto watalia, ila wewe mzee utafurahi: ngalawa zimelala mchangani na akina mama wako kwenye mashamba ya mwani. Watu uwaombe ruhusa kabla ya kuwachora.

Kasa Mzee
Mimi ningewapeleka kaskazini, Kendwa au Nungwi. Huko maji hayaendi mbali, watoto wanaoga hata yakikupwa, na ngalawa zipo vilevile. Mwani atautazama siku nyingine.

Mstaafu wa Dodoma
Marahaba wanangu, asanteni. Kendwa basi. Brashi Nane, zile njumu za shaba mlangoni, vile vichwa vya misumari mikubwa, huwa zinanishinda, nikizizunguka kwa brashi mlango mzima unakuwa na mabaka.

Brashi Nane
Usizizunguke, mzee. Chora mfaa kwanza, ule mwimo wa katikati ya mbao mbili, kisha miimo ya pembeni na kizingiti. Paka mlango wote oka ya njano (njano ya udongo) nyepesi, usubiri ukauke kweli. Ukigusa kwa mgongo wa mkono na kuhisi ubaridi, bado. Halafu chonga mshumaa mweupe uwe na ncha, kandamiza kila mahali penye njumu, na upake kahawia juu yote kwa mkupuo mmoja. Nta inakataa maji, njano inabaki. Kivuli cha kila njumu unakiweka mwisho, upande mmoja tu: changanya ultramarini (buluu) na siena ya kuchomwa (kahawia nyekundu).

Nakshi za kizingiti zichore kwa undani kona moja tu, kwingine dokeza. Na ujaribu kwenye kipande kabla hujasafiri, maana nta ikishaingia kwenye karatasi haitoki.