Mjadala: Kweli zamadamu wa kwanza alitokea Ulaya?

Wakuu, tangu 2017 hoja hii haiishi: eti ukoo wetu uliachana na wa sokwe huko Ulaya, si Afrika. Inategemea Graecopithecus, yaani taya lililopatikana karibu na Athens mwaka 1944, pamoja na jino moja la Bulgaria. Umri wake ni takriban miaka milioni 7.2. Mtaalamu wa visukuku Madelaine Böhme na wenzake waliupima mzizi wa gego la mbele kwa eksirei wakakuta umeungana kama wetu. Wa sokwe kwa kawaida huwa na matawi.

Mimi sijashawishika. Mizizi ya meno hutofautiana hata kati ya wanyama wa aina moja. Nionyesheni mfupa wa aliyetembea kwa miguu miwili. Kenya wanao: mifupa ya paja ya zamadamu aitwaye Orrorin, iliyopatikana 2000 kwenye vilima vya Tugen, Baringo, ya miaka kama milioni 6.

Mdadisi: Hapo umejibu nusu. Wapo wanaosema babu wa sokwe na gorila wa Afrika, na wetu pia, alikulia Ulaya, kisha uzao wake ukarudi huku. Ujerumani kuna Danuvius, nyani mkubwa wa kale wa miaka milioni 11.6, na Uturuki nao wana wao. Sisi kwa kipindi hicho tuna nini?

Babu Ndevu: Endeleeni tu. Mimi natoka kwa Adamu.

Mleta mada: Karibu Babu, kiti kipo. Mdadisi, kuna Nakalipithecus, naye nyani mkubwa wa kale, wa Nakali, Kenya, miaka kama milioni 10. Ni taya na meno, nakubali ni haba. Lakini udongo wa msitu wa mvua hula mifupa. Sokwe mwenyewe, ambaye hakuna anayebisha kuwa ni wa Afrika, visukuku vyake vya kwanza vilitangazwa 2005 tu: meno machache kutoka Kapthurin, Baringo hiyohiyo, ya miaka kama 500,000. Na leo Baringo hakuna sokwe hata mmoja! Sasa kabla ya 2005 tungesema sokwe katoka wapi?

Mdadisi: Hilo limenigusa. Na Toumaï wa Chad, anayetajwa kuwa zamadamu wa kale zaidi?

Mleta mada: Fuvu lake lilipatikana 2001, miaka kama milioni 7. Mfupa wa paja unaohusishwa naye wataalamu bado wanauvutania, kwa hiyo sikumtanguliza. Anayetetea Ugiriki alete wa kwake tuulinganishe na wa Orrorin.