Iten, Kaptagat au abaki Arusha? Mdogo wangu anataka kwenda kambini Januari

Mnyaturu wa Mjini
Habari za muda huu wakuu. Nina mdogo wangu anakimbia, na anakimbia kweli. Ameshika nafasi nzuri kwenye mbio kadhaa huku kwetu, na sasa hataki kusikia kitu kingine ila Kenya. Wengine wanamwambia Iten, wengine Kaptagat, kocha wake anasema abaki Arusha. Nimejibana nimepata hela ya kumwezesha miezi mitatu kuanzia Januari. Nimpeleke wapi? Mwenye uzoefu anisaidie.

Nyika_12
Mkuu, "anakimbia kweli" haitusaidii. Anakimbia mbio gani, kwa muda gani, ana miaka mingapi? Hiyo hela ni kiasi gani? Kuna meneja anayemsubiri au anakwenda kubisha hodi? Ukijibu hayo ndipo mtu anaweza kukushauri.

Chepsamo
Iten. Mimi ni mwenyeji wa hapa. Mji wetu uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Kerio, na hakuna mlango wa kulipia. Mgeni anapanga chumba, anaamka alfajiri, anasimama barabarani. Saa kumi na mbili makundi yanaanza kupita, anajiunga na lile analoweza kulifuata. Alhamisi ni fatleki: umati wa wakimbiaji kwenye barabara ya vumbi, dakika kadhaa mbio kali, dakika moja ya kupunguza, tena na tena, kupanda na kushuka. Wa mbele ni watu unaowaona kwenye televisheni, wa nyuma ni vijana waliofika juzi. Ukiachwa unarudi nyumbani peke yako, wiki ijayo unajaribu tena.

Kaptagat ni kuzuri pia, msitu na ubaridi, lakini kambi ya Kipchoge, yule bingwa wa marathoni, na kocha wake Patrick Sang huendi tu na begi. Unachaguliwa. Huku Iten hata kocha Bruda Colm O'Connell, aliyefika shule ya St. Patrick's mwaka 1976, alianza na vijana wa shule tu. Akatokea Peter Rono akachukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988, mpaka Rudisha na ile 1:40.91 ya mita 800 London 2012.

Mnyaturu wa Mjini
Ahsanteni. Ana miaka 22. Kilomita 10 barabarani Arusha alikimbia 30:40. Meneja hana. Hela ni kama milioni moja na laki nane za Tanzania, nauli humo humo.

Nyika_12
Sasa tunaongea. Nikwambie ukweli bila kumvunja moyo: 30:40 kwa mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, ni mwanzo mzuri, ila Iten atakuta wanawake wanaomwacha. Beatrice Chebet alikimbia mita 10,000 kwa 28:54.14 mwaka 2024. Kijana ajue hilo kabla hajafika, maana wengi wanakwenda wakiwa mabingwa wa wilaya, wiki ya pili wameshakata tamaa.

Baba Witness
Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi nisikilize. Mtoto wa dada yangu alikwenda upande huo kupitia mtu aliyejiita wakala. Sitataja jina lake wala kambi. Alimwambia chakula na malazi ni bure, mashindano ya Ulaya ndani ya nusu mwaka. Alipofika akaambiwa akabidhi pasipoti "itunzwe ofisini", akasaini karatasi ambazo hakupewa hata nakala. Vijana walikuwa wanalala wanne chumba kimoja, ugali na mboga asubuhi na jioni, na kila sahani ilikuwa inaandikwa kwenye daftari. Alishinda mbio moja ndogo ya barabarani, zawadi yote ikapita kwa wakala "kulipia deni". Alipouliza hesabu akaambiwa hana shukrani.

Kilichonitisha zaidi ni siku alipoumia nyonga akaletewa sindano. Akaambiwa ni vitamini. Alinipigia usiku, nikamwambia usichomwe kitu usichoona chupa yake. Kwenye riadha, kinachokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama aliyekuchoma alikudanganya. Unafungiwa wewe, yeye anatafuta kijana mwingine. Akagoma, wakamfukuza, na pasipoti ikabaki huko huko. Ilibidi baba yake afunge safari kuifuata. Kijana yuko salama lakini hakimbii tena, na alikuwa na mguu mwepesi sana. Kwa hiyo popote utakapompeleka, pasipoti ikae mfukoni mwake na asisaini kitu ambacho hujakisoma.

Chepsamo
Pole sana Baba Witness. Watu wa namna hiyo wapo na wanatuharibia jina. Ndiyo maana nasema apange chumba chake, asiingie kambi ya mtu asiyemjua.

Mzee wa Meru
Mimi nashangaa kwa nini kila kijana mwenye viatu anataka kuvuka Namanga. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, 3:32.2, alikuwa Mtanzania. Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na katikati hapo akashinda New York 1989. Gabriel Geay wa Manyara ana 2:03:00 ya marathoni ya Valencia. Na Septemba 2025 Simbu, mtoto wa Singida kama huyu mdogo wako, kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03! Kocha kasema abaki. Kwa nini mnampita kocha anayemjua kijana?

Chepsamo
Mzee, shikamoo. Simbu tulimshangilia hata huku. Lakini hebu hesabu: mabingwa wako unaweza kuwataja kwa vidole, na kati ya Bayi na Simbu imepita zaidi ya miaka 50. Hapa kijana anaamka kila siku katikati ya watu wanaomzidi.

Mzee wa Meru
Marahaba. Na kwa kila mmoja anayefanikiwa, ni wangapi wanarudi kijijini mikono mitupu? Hao hamuwaweki kwenye lango lenu la "Nyumbani kwa Mabingwa".

Fizio Moshi
Naomba niingie kidogo kitaalamu. Huko juu hewa ikiwa nyepesi, figo zinatoa homoni iitwayo EPO, uboho ulio ndani ya mifupa unatengeneza chembe nyekundu za damu zaidi. Homoni hiyo hiyo ndiyo wadanganyifu wanajichoma. Kazi hiyo inahitaji wiki tatu, nne. Kwa hiyo miezi mitatu inatosha kuona faida, mradi siku kumi za kwanza akimbie polepole kabisa. Wageni wengi wanaumia hapo, wanafuata kundi kuanzia siku ya pili. Tena mabadiliko hayo ya damu hayadumu akishuka, kwa hiyo muulizeni kocha baada ya Machi ana mashindano gani. Kama hana, mnapanda mlima wa nini?

Mama Neema
Samahani kwa kuchepusha mada. Binti yangu naye ananiomba Iten. Tangu yule mkimbiaji Agnes Tirop auawe nyumbani kwake hapo Iten, Oktoba 2021, wiki chache tu baada ya kukimbia kilomita 10 kwa 30:01, moyo wangu unakataa. Msichana peke yake na chumba cha kupanga, nani anamwangalia?

Chepsamo
Mama, hofu yako ni ya haki. Wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels baada ya kifo chake, wanasaidia mabinti wanaonyanyaswa. Lakini kwa msichana nisingeshauri chumba cha peke yake. Atafute wenzake wa kike wakae pamoja, na awe na kocha ambaye nyinyi wazazi mmeongea naye.

Mama Neema
Na akiwa na kocha mwanamke?

Chepsamo
Hapo hata mimi ningetulia. Ni wachache, lakini wapo.

Nyika_12
Tusisahau Kapchorwa, Uganda, nyumbani kwa mkimbiaji Joshua Cheptegei. Mlima Elgon, kumetulia.

Mzee wa Meru
Sasa mnampeleka hadi Uganda!

Mnyaturu wa Mjini
Wakuu nimewasoma wote. Nimemsomea maneno ya Baba Witness kwenye simu, akanyamaza, kisha akasema yeye hatakwenda kwa wakala. Kocha nimeongea naye, anasema kuna nusu marathoni Moshi mwishoni mwa Februari na angependa kijana awepo. Kijana anasema Iten iko pale pale, hiyo nusu marathoni ataikimbia mwaka mwingine. Chepsamo, chumba kwa mwezi ni bei gani huko?

Chepsamo
Inategemea maji na umbali kutoka barabarani. Nitumie ujumbe nikuulizie. Godoro anaweza kununua hapa, ila aje na sweta mbili, alfajiri ni baridi kali. Uwanja wa Kamariny asiutegemee, ukarabati wake ulikwama kwa miaka. Kazi ni barabarani.

Nyika_12
Mkuu, na pasipoti anayo?