Paa na atupwe kisimani, au tumwokoe? Mjadala wa hadithi iliyosimuliwa Mji wa Kale, Mombasa

Mkazi wa Kibokoni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, bibi mmoja wa mtaa wetu aliwakusanya barazani watoto wapatao 15, wa miaka 6 hadi 12, akawapa paukwa nao wakamwitikia pakawa, kisha akawasimulia hadithi ya paa na Sultani Darai. Wengi wenu mliipata kwa nyanya zenu. Maskini Hamdani, anayechakura jaani kutafuta chembe za mtama, anaokota sarafu ya themuni na kumnunua paa. Paa huyo, anayesema kama binadamu, anampatia jina la kisultani, mke aliye binti wa sultani, na nyumba aliyoitwaa kwa kumuua nyoka wa vichwa saba. Kisha paa anaugua. Hamdani anapopewa habari anaamuru apikiwe uji wa mtama wanaolishwa farasi. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na siku moja Hamdani anazinduka usingizini akajikuta jaani, anachakura kama zamani.

Bibi hakupunguza lolote, ila aliongeza lake: alimkalisha mke wa Hamdani kando ya paa usiku kucha, kichwa cha mnyama kikiwa mapajani mwake, akimfunika kwa kanga yake na kumwimbia wimbo wa kubembelezea mtoto. Sijapata kusikia jambo la kutisha likisemwa kwa upole namna ile. Watoto wanne walilia, na mama mmoja alimbeba mwanawe akaondoka kabla hawajafika kisimani. Tangu usiku huo mtaa umegawanyika. Nawauliza basi: hadithi kama hii wasimuliwe watoto hadi mwisho wake, au mwisho huo ubadilishwe?

Baba wa Kisauni

Binti yangu ana miaka 7, na alikuwa mmoja wa hao wanne. Jumamosi asubuhi alikataa uji wake, akaniuliza kama ni ule wa farasi. Mimi sipingi hadithi, na huyo bibi namheshimu kama mama yangu. Ninachopinga ni kumpeleka mtoto kitandani akiwa na maiti akilini. Wazungu wanayo hadithi kama hii, ya paka aliyevaa viatu, na paka wao anaishia kuwa bwana mkubwa asiyefukuza panya ila kwa kujifurahisha, na watoto wao wanalala. Mtu mzima aliye na uchungu wake na awaeleze watu wazima wenzake. Anayemsimulia mtoto wa mwenzake kifo cha namna ile usiku, kisha akamwachia mzazi kazi ya kumtuliza, amemtendea mtoto huyo kama mama wa kambo.

Mwalimu mstaafu, Majengo

Mpe pole binti yetu. Hata hivyo, ndugu yangu, paka unayemsifu ni wa Charles Perrault, Mfaransa aliyemchapisha mwaka 1697, na hakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1630 kilikuwa kimeshatoka kitabu cha Giambattista Basile wa Napoli, na paka wake, alipotaka kumpima bwana aliyemtajirisha, alijilaza akajifanya amekufa. Alimsikia bwana huyo kwa masikio yake mwenyewe akiamuru ashikwe mguu atupwe dirishani. Paka akainuka, akamsuta mbele ya mkewe, akaenda zake asirudi. Kwa hiyo mwisho mchungu wa Basile uliutangulia huo mtamu wa Perrault.

Paa wetu alichapishwa London mwaka 1870 katika hadithi ambazo mmishenari Mwingereza Edward Steere alizikusanya Unguja kutoka vinywani mwa wenyeji, na humo hajifanyi kufa. Anakufa kweli. Ukimwokoa kisimani, utabaki na habari ya mtu asiyefanya lolote akapewa kila kitu, na sijui mzazi gani wa Mombasa angependa mwanawe alale na fundisho hilo. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka 30. Sikumwona hata mmoja aliyeharibiwa na kilio cha hadithi, lakini niliwaona wengi waliojifunza kwa paa huyu kumuuliza mzee wa nyumbani kama amekula.

Mama wa Likoni

Nilikuwa nafuatilia mjadala huu kwa furaha, kwa kuwa hadithi ya paa ninaipenda, hadi nilipofika kwenye neno la Baba wa Kisauni. Nikalisoma mara ya pili nikiwa nasubiri feri, na nikajikuta natetemeka mbele za watu.

Mimi ni mama wa kambo. Mwaka huu ni wa tisa. Mtoto niliyemkuta akiwa na miaka 5 leo ananipita kwa kimo, na homa zake zote nimezikesha mimi. Naomba unieleze, ndugu yangu, ni kutendewa vipi huko unakokujua wewe, kwa sababu nyumbani kwangu, kumtendea mtoto kama mama wa kambo ni kumwamkia alfajiri, kumpikia mahamri, na kumsimamia asome juzuu yake. Umetafuta neno la kumkaripia bibi wa watu, ukaona hakuna chafu kuliko jina langu.

Baba wa Kisauni

Dada yangu wa Likoni, sikukujua, na sikukukusudia. Ule ni msemo tu, ninyi nyote mnautumia. Wala hatukuutunga sisi: wale ndugu wawili wa Ujerumani, walipoandika hadithi ya binti mweupe kama theluji, waliandika tangu mwanzo kwamba aliyetaka kumuua alikuwa mama wa kambo. Dunia nzima inasimulia hivyo. Turudi kwenye paa.

Mwanafunzi wa Tudor

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba radhi kuingilia, lakini hiyo "tangu mwanzo" si kweli. Katika toleo la kwanza la Jacob na Wilhelm Grimm, lililotoka Berlin mwaka 1812, malkia anayeamuru binti yule auawe msituni na aletewe mapafu na ini lake ni mama yake mzazi, aliyemtamani na kumzaa mwenyewe. Katika toleo la mwaka 1819 ndipo mama mzazi alipofishwa, na mama wa kambo akaingizwa mahali pake. Vivyo hivyo kwa Hansel na Gretel: anayeshauri watoto wakaachwe mwituni kwa sababu ya njaa alikuwa mama yao, na akageuzwa mama wa kambo katika toleo la mwaka 1840.

Jambo linaloniuma ni hili. Viatu vya chuma kilichowashwa moto, ambavyo malkia analazimishwa kuvivaa na kucheza ngoma hadi afe, wahariri hao waliviacha vilevile. Walichoona hakimfai mtoto ni kusikia kwamba mama aliyemzaa anaweza kumchukia, basi wakamtafuta mwanamke mwingine wa kubeba chuki hiyo. Baba wa Kisauni anaomba hadithi ilainishwe. Nasi tunao hapa mtu aliyebebeshwa mzigo wa kulainishwa kwa hadithi, na anatuandikia kutoka Likoni.

Mjukuu wa Nyanya, Makadara

Mimi namjibu Mwalimu. Kwa nini kila kilicho chetu kiwe cha Unguja? Nyanya yangu alizaliwa Mkunguni, hakuwahi kuvuka kwenda Unguja, wala hakusoma kitabu cha mmishenari yeyote, na paa alimjua, themuni aliijua, na jaa alilijua. Kitabu kilichochapishwa si cheti cha kuzaliwa.

Mwalimu mstaafu, Majengo

Mwanangu, hilo nakukubalia lote. Nilitaja mahali ilipoandikwa tu. Majahazi yalibeba hadithi pamoja na tende na boriti, na hakuna aliyeziandika kwenye orodha ya shehena.

Baharia

Mmeacha jambo moja kubwa. Paa alikuwa mwongo. Alimvua bwana wake nguo kando ya mto, akampiga, akaenda kumwambia sultani kwamba wanyang'anyi wamemvamia mkwe wake njiani. Akamwita Sultani Darai mtu aliyetoka jaani. Nyumba iliyojengwa kwa uongo haikosi kuanguka, na ninyi mnamlilia mjenzi.

Mjukuu wa Nyanya, Makadara

Alidanganya kwa ajili ya nani? Hakujipatia hata shuka. Alipougua hakudai irudishwe almasi aliyoiokota na kumpelekea sultani. Alimtuma kizee akamwambie bwana wake kwamba hawezi, basi. Mtu aliyeishi mjini akisema uongo mdogo mdogo ili watoto wake wasionekane maskini atamwelewa paa, na nyanya yangu alimwelewa.

Mama wa Likoni

Nilidhani sitaandika tena, lakini maneno ya mwanafunzi yamenitoa machozi mazuri, na Baba wa Kisauni ameomba turudi kwenye paa. Basi nirudi.

Nilipoolewa, yule mtoto wa miaka 5 alikuwa amefiwa na mama yake miezi minane kabla, na hakuwa ameambiwa. Jamaa zake, kwa mapenzi kabisa, walimwambia mama amesafiri kwenda Lamu. Waliona neno la kifo ni zito kwake. Matokeo yake, ndara za mama yake zilikaa mlangoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuziondoa, kwa sababu mama akirudi atavaa nini. Kila tuliposhuka feri aliangalia nyuso za wanawake mmoja mmoja. Mimi aliniona kuwa mtu niliyekalia nafasi ya mwenyewe, na alikuwa na haki, kwa vile mwenyewe alikuwa njiani anarudi.

Nilimwomba baba yake ruhusa ya kumwambia kweli, tena si mara moja, hadi alipokubali. Sikujua pa kuanzia. Usiku huo nikamsimulia paa kama nilivyosimuliwa na nyanya yangu, pamoja na uji, pamoja na kisima, ila nilikwenda polepole sana pale mke wa Hamdani anapompelekea paa chakula chema kwa siri na kumtazama hadi mwisho. Hakulia. Aliniuliza nani alimtoa paa kisimani. Nikamjibu kama hadithi inavyosema: mke alimpelekea baba yake habari, na sultani alipofika alishuka kisimani mwenyewe, na mawaziri wake wakashuka, wakamtoa, wakaenda kumzika kwa heshima. Akaniuliza kama paa alikuwa mzito. Nikasema hapana, alikuwa mwepesi, kwa sababu aliugua siku nyingi.

Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama mama yake alikuwa mzito.

Nikamwambia walimchukua watu wengi, na baba yake alikuwa mbele. Wiki iliyofuata tulikwenda kaburini sote watatu. Zile ndara aliziondoa mlangoni mwenyewe, akaziweka sandukuni pamoja na vitu vyake, na humo zimo hadi leo.

Kwa hiyo Baba wa Kisauni anaposema mwisho ubadilishwe, mimi namuuliza: abadilishiwe nani? Mwanangu alikuwa tayari yumo kisimani. Watu wazima wote walisimama juu wakimwambia hakuna kisima.

Mkazi wa Kibokoni

Nimemsomea bibi maneno haya yote. Aliniambia nisome tena habari ya ndara, na nilipomaliza aliomba maji ya kunywa. Anasema Ijumaa ijayo atasimulia nyingine, na mzazi asiyetaka mwanawe asikie mwisho aje mwenyewe akae naye barazani, badala ya kumtuma na dada wa kazi.

Baba wa Kisauni

Dada yangu wa Likoni, neno lile nalifuta, na nakuomba radhi mbele ya wote. Nililitumia bila kulitazama.

Katika suala lenyewe sijageuka kabisa. Mtoto wako alikuwa na msiba wake, wangu hakuwa nao, na naona bado mzazi ana haki ya kujua mapema mwanawe atasimuliwa nini, ili asishtukizwe na swali la uji asubuhi. Nitakwenda Ijumaa, nami nitakaa naye.

Ila nina shida, na sina wa kumuuliza mwingine. Tangu juzi binti yangu anataka nimsimulie paa kila usiku. Hataki mwanzo, wala nyoka wa vichwa saba. Anataka nianzie pale mke anapomfunika kwa kanga, naye ananirekebisha kila neno. Jana aliniuliza kile chakula cha siri kilikuwa nini, nikasema wali, akasema mgonjwa hawezi kumeza wali mkavu. Nyanya yako alisema kilikuwa nini?

Mama wa Likoni

Kwetu kilikuwa wali wa maziwa, laini, wa vuguvugu. Mwambie mke alimlisha kwa mkono, kidogo kidogo.