Mafundi wa WiFi, "inasapoti VLAN" ya kwenye boksi mnaisoma au mnaikariri tu?

Wakuu, nimekuja na hasira, salamu mtanisamehe. Moda, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa bando.

Nasimamia mtandao wa lodge moja Arusha. Majengo mawili, katikati maegesho na bustani. Jengo la mbele kila kitu kimekaa sawa, mtandao mmoja umegawanywa vipande vitatu vilivyotengana (ndizo hizo VLAN): VLAN 10 ya ofisi, 20 ya wageni wanaoingia kwa vocha, 30 ya kamera. Kilichotakiwa ni kuzifikisha zote tatu jengo la nyuma bila kuchimba mtaro. Basi. Kampuni moja ya hapa mjini ikaleta fundi. Nikamuuliza mbele ya meneja, hiki kiungo cha hewani kitabeba VLAN zote? Akajibu bila kupepesa macho: "Bosi, hii inasapoti VLAN, cheki hata boksi."

Boksi limeandikwa kweli. Ila alichofunga ni ripita (inadaka WiFi na kuirusha upya), kaiunganisha na SSID, yaani jina la WiFi, ya ofisi, halafu kule nyuma karusha jina la "Wageni" juu yake. Mgeni akaja mapokezi na simu mkononi kuuliza printa inayomtokea ni ya nani. Natazama anwani yake: 192.168.10, ya ofisi! Wageni wote wa nyuma wako ofisini kwetu, bila vocha, karibu na kompyuta ya mhasibu.

Nikampigia fundi. Akaja, akabonyeza bonyeza, akaihamishia ripita kwenye SSID ya wageni. Sasa kaunta ya mgahawa kule nyuma haioni seva, kamera zimezima, na vocha ndiyo vichekesho: mmoja akilipa wanaingia wote. Nafungua jedwali la ARP (orodha ya vifaa vinavyoonekana mtandaoni), simu zote za jengo la nyuma zina anwani moja ya MAC (utambulisho wa kifaa), ya ripita yenyewe. Mfumo wa vocha unaona mteja mmoja. Utaulaumuje?

Na hili halihitaji digrii. Fremu (kifurushi cha data) ya kawaida ya WiFi kutoka kwa mteja kwenda aksesi pointi, kile kifaa kinachorusha WiFi, ina nafasi ya anwani tatu za MAC, na mtumaji anahesabiwa kuwa ni huyohuyo aliyejiunga. Hakuna pa kumtaja aliye nyuma yake, ndiyo maana ripita nyingi zinaweka anwani yao badala ya ya simu. Ukitaka kuvusha VLAN unahitaji fremu za anwani nne, yaani WDS, pande zote mbili. Na WDS kila mtengenezaji kaitekeleza kivyake, kwa hiyo ukichanganya chapa usishangae zikigoma kuelewana. Hata MikroTik, ile modi yao ya station-bridge inataka MikroTik mwenzake upande wa pili. VLAN inayotajwa kwenye boksi mara nyingi ni ya tundu la waya: SSID hii itoke na tegi (lebo ya VLAN) hii. Safari ya hewani ni habari nyingine kabisa.

Palitakiwa jozi ya redio za 5 GHz juu ya paa, zinazotazamana, zimewekwa kama daraja, trunk (njia moja inayobeba VLAN zote) huku na huku, kisha swichi yenye VLAN na aksesi pointi yake kule nyuma. Swichi ya bei chee isiyojua VLAN usiiweke katikati: tegi ya 802.1Q inaongeza baiti 4, fremu ya 1518 inakuwa 1522, na zipo za zamani zinazoitupa. Kama umekwama kabisa na kifaa kisicho na WDS, pitisha handaki la VXLAN au GRETAP (linalofunga fremu nzima ndani ya pakiti nyingine) juu ya kiungo na urekebishe MTU (ukubwa wa juu wa pakiti). Na tusisahau kwamba ripita ya redio moja inapokea na kurusha kwa chaneli ileile, kasi inabaki kama nusu. Hilo nalo hakulisema.

Invoisi sasa. Kuna mstari umeandikwa "usanidi wa VLAN", laki tatu. Usanidi upi? Nimemwambia meneja asilipe mpaka kaunta ya mgahawa ione seva, na fundi kajibu kwa WhatsApp kwamba ana suluhisho: tununue ripita nyingine mbili, kila VLAN na ya kwake.

Sijamjibu bado, natafuta maneno yasiyonipeleka polisi. Mwenye redio za paa zilizotumika, ziwe jozi na za chapa moja, anicheki PM.